Viazi mviringo kwenye kiroba: anza na mbegu, kiroba kije mwisho

Ndugu zangu mnaotaka kuanza viazi mviringo nyumbani, naona swali la kwanza kwa wengi wenu ni viroba, vya kilo ngapi, vinapatikana wapi. Mimi nimelima hivi misimu mitano hapa Mbeya, nyumba ya kupanga yenye kauwanja kadogo tu, na kwa nilivyoona kiroba ndo kitu cha mwisho kabisa kuumiza kichwa. Kuna hali ya hewa, kuna mbegu, hivyo viwili vikienda vibaya hata ukipandia kwenye nini hupati kitu.

Kiazi kinapenda ubaridi. Udongo ukiwa nyuzi 15 mpaka 20 hivi kinazaa vizuri sana, lakini sehemu ambayo hata usiku mnalala na feni mmea unarefuka tu juu huko chini hakuna kitu. Dada yangu yuko Mbagala, alinifata hatua kwa hatua, mbegu nilimtumia mimi mwenyewe, majani yakatoka mpaka majirani wanasifia, siku ya kumwaga kiroba akakuta viazi kama gololi. Iliniuma kwa sababu kosa halikuwa lake, ni joto. Kwaiyo ukiwa Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa nakushauri kwa moyo wote panda viazi vitamu kwenye kiroba hicho hicho, vyenyewe joto ni raha yao na matembele unachuma wakati unasubiri. Wa Mbeya, Njombe, Makete, Lushoto, na wenzetu wa Limuru na Nyandarua, nyie endeleeni.

Sasa mbegu. Msimu wa kwanza nilichukua viazi vya sokoni vilivyochipua jikoni nikapanda viroba 8, mwezi na nusu hivi mmea mmoja ukaanza kulegea mchana jioni unainuka, nikadhani kiu nikaongeza maji, baada ya siku chache umelala moja kwa moja na majani bado ya kijani. Ule ni mnyauko wa bakteria na hauna dawa. Ukitaka uhakika kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka basi ndo wenyewe. Kiazi kinaweza kubeba ugonjwa huu na kwa macho ukakiona kizima kabisa, hapo ndo wengi tunaponaswa. Nilipoteza viroba 5 na udongo wake ikabidi niutupe mbali, maana huo huo unaua nyanya, bilinganya na hoho. Tangu hapo natafuta mbegu kwa mkulima anaezalisha mbegu tu, huku kwetu TARI Uyole (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) ndo watu wa utafiti wa viazi, waulize wakuelekeze. Mimi napanda aina inayoitwa Asante, Kenya wengi wanapenda aina ya Shangi kwa kuwa inachipua haraka.

Chagua mbegu saizi ya yai la kuku na uipande nzima, kisu kinahamisha magonjwa toka kiazi kimoja kwenda kingine. Zipange kwenye trei za mayai sehemu yenye mwanga lakini jua lisizipige, mpaka machipukizi yawe mafupi manene kama sentimita 1 au 2. Ukizificha gizani yanatoka marefu meupe yanakatika ukigusa tu.

Kiroba cha kilo 50 kinatosha, hata ndoo za rangi za lita 20, ila toboa matundu ya kutosha chini maana maji yakituama kiazi kinaoza. Udongo ndoo 2, samadi iliyooza kabisa ndoo 1, maganda ya mpunga kidogo ili uwe mwepesi. Kunja kingo za kiroba, jaza kama sentimita 20, weka mbegu 2 na sio zaidi, fukia. Mmea ukifika shibiri jaza udongo tena ukiacha majani ya juu nje, rudia mara mbili au tatu huku unakunjua kingo.

Na hapa niwe mkweli, ile mnayoonyeshwa ya kiroba kimoja kutoa gunia sijawahi kuiona kwa macho yangu. Napata kilo 2 mpaka 3, kikifanya vizuri sana kinazidi kidogo. Viazi vingi vinakaa jirani na mbegu, udongo wa juu kazi yake kubwa ni kuvikinga na jua, kwa sababu kikipigwa jua kinakuwa kijani na kichungu na kina sumu, kukipika hakuiondoi, watoto msiwape.

Maji ndo yanataka nidhamu. Kiroba kinakauka haraka kuliko shamba, ingiza kidole, kikitoka kikavu mwagia, ukiacha kikauke siku nne alafu umwage ndoo nzima viazi vinapasuka. Mwagia chini, majani yasilowe. Wakati wa mvua angalia madoa meusi kwenye majani yenye ukungu mweupe kwa chini asubuhi, ule unamaliza mimea kwa siku chache tu, kwaiyo dawa ya ukungu inapigwa kabla haujaingia na viroba visibanane. Mbolea ya urea usiiendekeze, utavuna majani.

Asante kwangu inachukua miezi mitatu na kitu. Majani yakigeuka njano acha kumwagia, kata mashina, subiri wiki mbili ngozi ikomae, alafu mwaga kwenye turubai. Ule udongo usirudishie viazi wala nyanya, mimi napandia maharage.