Kaunta Buku la Mkwakwani: Majibu kwa Wanaoandika Habari za Timu Zao

Mimi ni shabiki wa Coastal Union ya Tanga, Wagosi wa Kaya, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika habari za timu hii mtandaoni. Wenzangu wanaotaka kuziandikia timu zao hunitumia maswali. Haya ni ya mwezi huu.

Kaka, mimi niko Muheza. Nikiandika habari za Coastal nasomwa na watu wanane. Rafiki yangu anaandika Simba na Yanga, wasomaji wanamiminika. Nihamie huko?

Usihame, mdogo wangu. Huko kila kona ina mwandishi, na unachokijua wewe wanakijua wote. Cha kwako ni kile unachokiona Mkwakwani, uwanja wetu, ambacho mtu wa Kariakoo, kwa Simba na Yanga, hakioni mpaka mchezaji asajiliwe na timu yake. Mwaka 2020 Yanga ilipomchukua beki wetu Bakari Mwamnyeto, mashabiki wa nchi nzima walitaka kujua ni beki wa namna gani: anacheza mguu upi, anaruka vipi, akikabwa anafanya nini. Majibu yalikuwa kwetu tuliomtazama wiki baada ya wiki.

Nikupe mfano mwingine ambao bado unanisisimua. Tarehe 2 Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Coastal na Yanga zilitoka 3-3, na mabao yetu yote matatu yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman "Sopu". Yanga wakashinda kwa penalti. Kurasa kubwa ziliandika kombe la Yanga, na ilikuwa haki yao. Mimi niliandika mabao matatu tu, moja baada ya jingine: mpira ulitoka wapi, beki alikuwa amesimama wapi, Sopu aliugusa mara ngapi. Msimu uliofuata Sopu alikuwa Azam, na mashabiki wa Azam wakaja kuyasoma. Baadhi yao hawajaondoka mpaka leo.

Hao wanane usiwadharau. Wajibu wote kwa jina. Andika usiku uleule wa mechi watu wakiwa bado na joto, na maneno yatangulie picha, maana wengi wanasoma kwa bando la kupima.

Ninaandikaje mechi? Nikifika nyumbani nakumbuka mabao tu.

Nunua kaunta buku. Simu inazima chaji, na ukiinamia kioo bao linakupita. Chora safu tatu: dakika, namba ya jezi, kilichotokea. Usiandike sentensi. Ukurasa wangu mmoja wa kipindi cha pili unasomeka hivi: "58, namba 7, krosi tatu, zote kwa kipa. 63, kona yao, namba 4 wetu kaachwa peke yake nguzo ya pili. 64, kocha kasimama, kaita mtu wa kupasha. 71, bao lao, kona ileile." Ukiyasoma hayo nyumbani, habari imeshajiandika: hatari ilionekana dakika nane kabla na mabadiliko yakachelewa. Aliyekumbuka bao tu atamlaumu kipa.

Mvua ikinyesha tumia penseli, wino unatoka. Na usikae upande mmoja siku zote. Ukikaa nyuma ya goli unaona jinsi mabeki wanavyopangana, jambo ambalo jukwaa kuu halikuonyeshi vizuri.

Mechi za ugenini wengi wetu tunazionea kibanda umiza. Hakuna aibu, ila mwambie msomaji umeiona kwenye runinga. Kamera inafuata mpira. Usiandike kwamba straika hakukimbia wakati hukumwona.

Timu ikifungwa nikasema ukweli, naitwa msaliti. Nimechoka. Nifanye nini?

Pole sana, dada yangu. Najua inavyouma, hasa tusi likitoka kwa mtu mliyekaa naye jukwaa moja.

Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zikashuka pamoja. Mkoa mzima, msimu mmoja. Timu iliyokuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1988 ikaenda kucheza daraja la kwanza, na ligi kuu tukairudia msimu wa 2018/19. Katika miezi ya kuporomoka kule, walioandika kwamba mambo yako sawa hawakuisaidia timu hata kidogo. Nami nilikuwa najizuia, nikiogopa kuwaudhi watu. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo sema, lakini lisemee tendo. "Beki alichelewa kurudi mara nne" ni jambo ambalo mtu anaweza kulibishia kwa hoja. "Beki ni mzigo" ni tusi, nalo linazaa matusi. Usimguse mtu kwa kabila lake, familia yake wala mwili wake. Wanaokutukana kuhusu mpira waache wazungumze. Wanaokutukana kwa sababu ni mwanamke, wafungie mlango bila maelezo.

Naruhusiwa kukata mabao kutoka kwenye TV nikayaweka?

Hapana. Haki za matangazo ya ligi zina mwenyewe: mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF, shirikisho la soka nchini, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ukurasa wako utafungwa, na kazi yako ya miaka itapotea. Piga picha zako mwenyewe uwanjani, au omba kwa mpiga picha na uandike jina lake. Nembo ya klabu nayo usiichape kwenye fulana za kuuza bila kibali cha klabu.

Lazima nisajiliwe serikalini?

Kwa Tanzania, Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilitoka 2018, zikatungwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Nani anahitaji leseni na kwa ada gani, yote yamekuwa yakibadilika. Kabla hujaanza kupokea matangazo ya biashara, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na uombe wakujibu kwa maandishi. Maneno ya kijiweni yasikutoshe.

Nimesikia mchezaji wetu anaondoka dirisha dogo la usajili. Aliyeniambia ni mtu wa karibu na timu. Niweke?

Mtu mmoja hatoshi. Niliwahi kuandika kwamba beki wetu wa kushoto ameshamalizana na timu nyingine. Aliyenipa habari nilimwamini kabisa. Mechi iliyofuata kijana alizomewa kila alipogusa mpira, na mimi nimekaa palepale na kaunta buku langu. Hakuwa anaondoka popote. Baada ya mechi nilimsubiri nje, nikamwomba radhi ana kwa ana, kisha nikaandika kosa langu juu kabisa ya ukurasa, mahali palepale ilipokuwa ile habari. Yeye alinisamehe kabla ya jukwaa kumsamehe.

Siku hizi nasubiri watu wawili wasiojuana, na mmoja lazima awe mchezaji mwenyewe, wakala wake au kiongozi. Nikiwahiwa na wengine, basi.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, niko Muscat. Marehemu baba alikuwa shabiki wa Coastal, ameacha picha za zamani za timu. Zina maana yoyote kwako?

Zina maana kubwa kuliko pesa, ndugu yangu. Ubingwa wa 1988 tunausimulia zaidi kwa midomo ya wazee kwenye vijiwe vya kahawa, na kila mwaka tunamzika mmoja wao. Juzi nilikaa na mzee aliyenitajia kikosi kizima, lakini akakwama kwa winga wa kulia. Alifumba macho, akahesabu tena kwa vidole kuanzia kwa kipa, akafika palepale akakwama tena. Akasema, "Sura yake naiona, jina ndilo linanikimbia."

Nitumie zote, hata zilizofifia. Zipige mchana karibu na dirisha, bila flashi. Na uzigeuze nyuma, maana wazee wetu waliandika majina huko kwa kalamu. Upande huo nao upige.