Video peke yake hazitoshi kujifunza Python
Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini umemaliza video zote za Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) lakini ukiachwa peke yako huandiki hata mstari. Kutazama si kuandika. Tazama dakika 10, funga, andika upya bila kuchungulia.

Kisha tunga programu ya muuza dagaa wa Kibirizi: ipokee kilo na bei, itoe jumla. Utakwama hapa: input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi, si namba. Ukizidisha kilo na bei hivyo hivyo zikiwa maandishi, programu inagoma kwa TypeError (kosa la aina ya data). Ukigeuza kilo tu kwa int(), inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, bei 8000 mara 2 inatoka 80008000 (maandishi yamerudiwa mara mbili) bila onyo lolote, na hilo ndilo baya zaidi! Geuza kilo na bei, zote mbili. Kilo zenye nusu zinataka float(), inayotoa namba zenye desimali. Kesho futa, andika tena.