Zawadi Ndogo Darasani: Kabla Hujanunua Pipi

Nilipoanza kufundisha darasa la tatu huku Kirumba, Mwanza, kila Alhamisi jioni nilipita dukani kununua pakiti ya pipi. Zilikuwa za kumi bora wa jaribio la Ijumaa. Darasa lilikuwa na watoto 94. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa nawajua wapokeaji kabla sijasahihisha: watoto walewale saba au wanane, na wengine wawili watatu wakipokezana. Waliobaki, zaidi ya themanini, kazi yao ilikuwa kupiga makofi. Halafu hata hao wa pipi wakaanza kuniuliza, "Mwalimu, leo zipo?" kabla hawajafungua daftari. Nikisema hazipo, naona kabisa hamu inawatoka.

Walimu wenzangu, naandika haya kwa sababu kila Januari namwona mwalimu mgeni akianza kama nilivyoanza mimi.

Kabla hujafikiria utatoa nini, angalia unatuza nini. Hili nilifundishwa na mwezi wa angani. Mwaka mmoja niliweka zawadi ya daftari kwa watakaowahi shule siku zote za mwezi. Sasa, nyumba nyingi za wanafunzi wangu zinaishi kwa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi inapumzika. Wiki za giza mzigo unashuka alfajiri, na mtoto anabaki kumsaidia mama yake kuanika ndipo aje shule. Anafika saa mbili na nusu, miguu ina mchanga. Kwa hiyo daftari zangu zote zilikwenda kwa watoto ambao kwao hakuna anayeanika dagaa, nami nikidhani natuza bidii. Nilipoligundua liliniuma sana, kwa sababu wale waliokosa ndio waliokuwa wameamka mapema kuliko darasa zima.

Tangu hapo mtoto namlinganisha na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Aliyechelewa siku nne, wiki hii akachelewa mbili, huyo amejitahidi, na namwambia hivyo mbele ya wenzake.

Alama nazo ni hivyohivyo. Mtoto hawezi kuamua kupata 80. Anaweza kuamua kurudia hesabu aliyokosa, kusoma kurasa mbili jioni, kunyoosha mkono na kuuliza. Mchumi wa Marekani, Roland Fryer, alilijaribu jambo hili kwa fedha taslimu katika shule za miji kadhaa, akachapisha matokeo mwaka 2011. New York na Chicago watoto walilipwa kwa matokeo, yaani alama za mitihani au madaraja ya masomo, na ufaulu wao haukupanda kwa kiasi cha maana. Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake. Huko usomaji ulipanda kwa kiasi cha maana, ila kwa wale tu ambao Kiingereza ndiyo lugha yao. Wale wa alama waliitaka fedha sana, ila hawakujua wafanye nini ili waipate. Mzazi anayemwahidi mwanawe baiskeli akifaulu darasa la saba anamwonyesha ng'ambo ya ziwa bila kumpa mtumbwi.

Kuahidi ni jambo la kuangalia sana. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Lepper, na wenzake, katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, waliwachukua watoto waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora, la pili likapewa cheti hichohicho bila kuahidiwa, la tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, walioahidiwa walichora kwa muda karibu nusu tu ya wenzao. Ndiyo maana darasani kwangu kuimba, ngonjera na kuchora samaki siviwekei zawadi kabisa; wanavipenda tayari. Kwa mengine natoa bila kutangaza. Siku moja namwita aliyekaa na mwenzake kumwelekeza kutoa kwa kukopa, nampa penseli mpya, namwambia sababu, basi.

Kuhusu vitu vyenyewe: penseli, kichongeo, ufutio. Shilingi 5,000 kwa mwezi inanitosha. Lakini vinavyopendwa zaidi havinunuliwi. Kugonga kengele ya mapumziko. Kuandika tarehe ubaoni. Kukaa siku nzima kwenye dawati la dirishani linaloona ziwa, hilo wanalililia. Usimtuze mtoto kwa kumsamehe kazi ya nyumbani, maana utakuwa umemfundisha kwamba kazi ya nyumbani ni adhabu.

Na kuna barua. Nakata karatasi ya daftari vipande vinne, naandika mistari miwili: leo mwanao amefanya jambo hili. Barua ya kwanza nilimpa kijana mmoja aliyekuwa haandiki kitu, siku alipomaliza aya nzima peke yake. Kesho yake saa moja na nusu mama yake alikuwa mlangoni, khanga imelowa, mikono bado ina magamba ya samaki, na uso umejaa hofu. Kwetu barua ya shule ni wito, na wito ni kosa au mchango.

"Mwalimu, kafanya nini tena?"

Nikamwambia, "Mama, hajakosa. Hukusoma?"

Akanipa ile karatasi, akasema macho yake hayasomi vizuri. Nikamsomea. Akaniomba nirudie. Niliporudia, alimwita mwanawe kutoka mstarini, akamshika kichwa bila kusema neno, akaondoka na karatasi yake ameifunga kwenye pindo la khanga. Kijana yule hakuniuliza habari ya zawadi nyingine hadi mwaka ulipoisha, na aya zake zikawa zinafika nyuma ya karatasi.

Zawadi ninayoitegemea zaidi siku hizi ni kuazima kitabu cha hadithi Ijumaa na kukirudisha Jumatatu. Ninavyo kumi na vinne tu, kwa hiyo kupata zamu ni jambo kubwa. Mwanzoni niliogopa vitapotea, kimepotea kimoja. Jumatatu iliyopita kimoja kilirudi kinanuka dagaa, na mchanga katikati ya kurasa. Nikakikung'uta dirishani, na kabla sijakirudisha kabatini mikono mitatu ilikuwa juu.