Maswali Yenu: Asia si Nchi Moja

Naomba orodha ya vitabu kumi bora vya Asia. (Morogoro)

Sina, na sitaitunga. Swali hili haliishi kuja. Asia inaanzia Uturuki na Oman, inafika Japani; orodha ya kumi itakudanganya tu. Chagua nchi moja, kaa nayo mwaka mzima.

Han Kang alipata Nobel mwaka 2024. Nianze na riwaya yake The Vegetarian? (Eldoret)

Wengi watakwambia hivyo. Mimi nasema Human Acts, riwaya yake nyingine. Kinahusu Gwangju, mji aliozaliwa, ambako Mei 1980 jeshi la Korea Kusini liliwaua raia waliokuwa wakidai demokrasia. Mwanzoni tu unakutana na kijana mdogo anayehudumia maiti zinazongoja kutambuliwa na jamaa zao. Msimulizi hubadilika kila sura, kwa hiyo usisome kwa pupa. Na tazameni jina la mfasiri jamani! Aliyeitia Human Acts katika Kiingereza ni Deborah Smith. Mnaniandikia kuisifu lugha ya mwandishi, kumbe sentensi mliyoipenda imepita mikononi mwa mtu ambaye hata hamumtaji.

Manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, ni fasihi? (Nakuru)

Ndiyo. Soma Barefoot Gen ya Keiji Nakazawa, aliyenusurika bomu la Hiroshima akiwa na miaka sita.

Nimemaliza karibu kila kitabu cha Haruki Murakami wa Japani. Niende wapi? (Mombasa)

Toka Japani. Nenda Indonesia kwa mwandishi Pramoedya Ananta Toer, aliyefungwa miaka kumi kisiwani Buru, 1969 hadi 1979, bila kufikishwa mahakamani. Alipokatazwa kuandika, aliwasimulia wafungwa wenzake riwaya yake kwa mdomo. Karatasi zilipopatikana ndipo akaiandika. Riwaya hiyo, Bumi Manusia, ilitoka 1980, na 1981 ikapigwa marufuku. Mfasiri wake wa Kiingereza, Max Lane, alikuwa mtumishi wa ubalozi wa Australia mjini Jakarta. Kazi hiyo ya kufasiri ilimfanya aitwe arudi kwao. Ndani ya riwaya, msikilize sana Nyai Ontosoroh, suria wa Mholanzi anayeendesha mali yote ilhali sheria ya mkoloni haimtambui. Aliyelelewa na masimulizi ya ukoloni wa hapa kwetu hahitaji dibaji.

Fasihi ya Asia inatuhusu nini sisi Waswahili? (Unguja)

Inatuhusu tangu utotoni. Kisa cha kima aliyemwambia papa kwamba moyo ameuacha mtini, na ndani yake kisa cha punda wa dobi, kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika hadithi alizokusanya Unguja hiyo hiyo. Asili yake ni Panchatantra, mkusanyiko wa hadithi za kale wa India. Ikapita Uajemi, na karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu kama Kalila wa Dimna.

Kisha msome Jokha Alharthi wa Oman. Riwaya yake Celestial Bodies ilikuwa ya kwanza ya Kiarabu kushinda tuzo ya fasihi ya Man Booker International, 2019. Inaeleza pia maisha ya waliokuwa watumwa katika nchi iliyokomesha utumwa mwaka 1970. Sisi tunaojivunia undugu na Oman tusiziruke kurasa hizo. Wachapishaji nao wasingoje Kiingereza: wanaojua Kiarabu na Kiswahili barabara wapo, Unguja na Muscat, wapeni kazi na muwalipe.

Una PDF? (wengi)

Hapana. Zile zinazozunguka WhatsApp nyingi hazitaji hata mfasiri. Nendeni maktaba, au changeni watatu mnunue nakala moja mpokezane.