Oksijeni ya nyumbani kwa mzee mwenye oksijeni ya asilimia 91

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama mumnunulie mzee mashine ya oksijeni, maana ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana pumzi) na kipimo cha kidoleni cha oksijeni kwenye damu kinasoma asilimia 91 akiwa ametulia. Msikimbilie kununua. Utafiti wa Marekani uliotoka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 738, wenye 89 hadi 93 kama yeye au wanaoshuka wakitembea: oksijeni haikupunguza vifo wala kulazwa. Ilipookoa maisha, kwenye utafiti wa Uingereza wa 1981, ni kwa wenye upungufu mkubwa wa oksijeni kwenye damu, tena saa 15 kwa siku! Hela hiyo bora iende kwenye dawa za kuvuta kwa mdomo (inhaler). Akisoma 88 au chini, mrudisheni kwa daktari haraka.