Sindano Imekata Njaa, Nile Nini?

Wasomaji wa Nairobi wametuandikia kuhusu kula wakati wa kutumia dawa za kupunguza hamu ya chakula. Tunawajibu hapa.

Hamjambo? Nina kilo 82. Daktari aliniandikia semaglutaidi, sindano ya kila wiki, na sasa njaa imeisha kabisa. Asubuhi nanywa chai na slesi moja ya mkate, jioni nusu chapati, basi. Uzito unashuka, lakini miguu inalegea nikipanda ngazi na nywele zinatoka nikichana. – Mama wa Umoja

Mama, kinachopungua mwilini mwako si mafuta peke yake. Mwili usipopata protini ya kutosha huanza kula misuli yake wenyewe, na mtu huona hilo kwanza kwenye ngazi au akiinuka kitini. Nywele nazo hutoka kwa wingi miezi 2 au 3 baada ya uzito kushuka haraka, kisha kwa kawaida huota tena ukirudi kula vizuri. Hata hivyo omba upimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huleta uchovu na kutoka nywele vilevile.

Dawa hii huufanya ubongo uone umeshiba, na huchelewesha chakula tumboni. Ukingoja njaa ikuambie saa ya kula, siku itaisha. Kula kwa saa, hata kama ni vijiko vitano. Lenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwako tuseme gramu 80. (Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza kabla ya kufuata kipimo hiki.)

Gramu 80 zapatikana bila poda za bei ghali. Saa moja asubuhi, mayai 2 ya kuchemsha na glasi ya maziwa, gramu 20. Saa nne, glasi ya mala, gramu 8. Saa saba mchana, nusu kikombe cha ndengu zilizoiva pamoja na konzi ya omena, gramu 17 hivi. Saa kumi, konzi ya njugu karanga, gramu 7. Usiku, kipande cha samaki au kuku kinachotosha kiganja chako bila vidole, gramu 25. Zinazobaki utazipata kwenye mboga na ugali.

Omena wengi huwaharibu kwa kuwakaanga katika mafuta mengi, na hayo mafuta ndiyo yatakayokuchafua tumbo. Wakaushe kwanza kwenye sufuria kavu dakika 3, watoe vichwa, waloweke kwenye maji moto dakika 10, uwasuuze mara mbili. Kisha kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja tu cha mafuta, tia omena, na ukamulie limau mwishoni ili harufu ipungue.

Jambo kubwa kuliko yote ni mpangilio wa sahani. Tumezoea ugali ndio chakula, na kingine chote ni kitoweo cha kuuteremshia. Kwa miezi hii geuza: anza na samaki au ndengu, fuatisha sukuma au managu, na ugali uwe wa mwisho, tonge mbili tatu. Ukianza na ugali utashiba kabla hujafika kwenye protini. Pia, siku moja baada ya nyingine, kaa kitini na uinuke bila kushika kitu mara 10, pumzika, urudie mara mbili. Misuli isiyotumika hupotea hata kwa mtu anayekula vizuri.

Nachoma sindano Ijumaa asubuhi. Jioni tukienda nyama choma na chipsi na marafiki, usiku kucha nateuka gesi yenye harufu ya mayai viza na Jumamosi natapika. Niache dawa? – Kaka wa Kasarani

Kaka, usiiache kabla ya kuongea na aliyekuandikia, lakini Ijumaa zako zinahitaji kubadilika. Tumbo linatoa chakula polepole, na mafuta hulichelewesha zaidi. Sahani ya chipsi hukaa humo kwa saa nyingi ikichacha. Kichefuchefu huwa kikali siku 1 au 2 baada ya sindano, na kila kipimo kinapoongezwa. Muulize daktari kama unaweza kuhamishia sindano siku nyingine, mbali na wikendi.

Ukienda nyama choma, chukua vipande vitatu visivyo na mafuta, kachumbari nyingi, na uache chipsi. Tafuna polepole, na acha kula mara tu unapohisi kushiba kidogo, kwa sababu tonge mbili za ziada ndizo zinazorudi. Soda na bia huongeza gesi. Ukimaliza kula, ngoja muda wa saa 2 au 3 kabla ya kulala.

Ukishindwa kuweka hata maji tumboni siku nzima, nenda hospitali, figo huumia kwa kukaukiwa. Na maumivu makali ya juu ya tumbo yasiyoisha, hasa yakipenya hadi mgongoni, yanaweza kuwa kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, limevimba. Usingoje kupambazuke.

Sijapata choo siku nne. Niliambiwa nile pumba za ngano, tumbo likazidi kujaa. – Msomaji, South B

Pumba bila maji huziba zaidi. Kunywa maji lita 2 kwa siku, kidogo kidogo kati ya milo, si wakati wa kula. Ongeza kipande cha papai asubuhi na robo ya parachichi mchana, kisha utembee nusu saa. Ukiona tumbo limevimba, hutoi hata gesi na unatapika, hiyo si ya kutibu nyumbani.

Mimi ni mgonjwa wa sukari, natumia glibenklamidi pamoja na sindano hii mpya. Siku hizi natetemeka na kutoka jasho kabla ya chakula cha mchana. – Mzee wa Buruburu

Mzee wetu, hiyo yaelekea ni sukari kushuka. Glibenklamidi huishusha hata kama hujala, na sasa unakula kidogo. Insulini nayo hufanya hivyo. Ukitetemeka, pima sukari, ikiwa chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo), koroga vijiko 3 vya chai vilivyojaa sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe mara moja. Usitegemee mkate au ndizi, vitachelewa tumboni. Pima tena baada ya dakika 15, urudie kama haijapanda. Ikishapanda, kula kitu kidogo. Kisha piga simu kliniki yako leo hii, kabla ya dozi inayofuata, uwasomee namba ulizopima. Kipimo cha glibenklamidi huenda kikahitaji kupunguzwa, na hilo waamue wao.