Paka anayekula samaki wa kopo tu

Pole, ndugu. Paka wako anayesusia kila kitu isipokuwa samaki wa kopo hana kiburi, amezoea tu. Ila samaki huyo peke yake hana kalsiamu wala vitamini E za kumtosha. Mtafutie chakula kamili cha paka chenye taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa, maana akiikosa moyo na macho huharibika. Changanya kijiko kimoja ndani ya samaki wake, kisha ongeza kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10. Kipashe moto kidogo. Harufu ndiyo humvuta. Kuku wa kuchemsha bila chumvi, mara mojamoja. Mchuzi wenye vitunguu usimpe kabisa. Maziwa? Huwaharisha wengi. Akigoma kula siku nzima usishindane naye, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ini la paka halivumilii njaa.